Neno Nililomfutia Bi Mize

Kabla ya jambo lolote, wanangu, zimeni kiyoyozi. Najua ni Maskati na ni mwezi wa saba, najua mzee mnayemrekodi atalalamika na nyinyi mtatota jasho. Zimeni tu. Sikio la binadamu huuzoea ule mvumo likausahau, lakini simu haizoei kitu. Inaunasa wote, na mkija kukaa kunakili mtakuta bibi wa watu anasimulia arusi yake ndani ya injini ya ndege. Na halua iletwe baada ya mazungumzo, si kabla. Kuna bwana mmoja wa Sib alimegewa halua mwanzo, ikamganda menoni, na mpaka leo sijui kama alisema alisafiri na mkewe au na mkebe.

Mumenitaka nikufundisheni kazi hii niliyoifanya zaidi ya miaka arubaini, Unguja kwanza na kisha hapa. Nyinyi mnaokuja kila wiki pale Al Khoudh na daftari zenu, mnaotaka kuwaandika wazee waliotoka Unguja kabla hawajaisha. Nitakwambieni ninachokijua. Ila msitaraji niende kwa mpango, maana siku hizi situlii. Nnaanza jambo nnaliacha, nnapika chai nnaisahau jikoni. Mume wangu anasema natembea humu ndani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Sababu nitaifikia. Nimeikwepa muda mrefu, kwa hiyo nivumilieni nikiizunguka kidogo.

Mimi nilifundishwa kazi na Mjerumani. Ilikuwa Unguja, miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi. Serikali ilikuwa na marafiki wapya, Wajerumani wa Mashariki, Wachina, Warusi, na kila rafiki kaja na wataalamu wake, wa hospitali, wa nyumba, wa askari. Sisi tukaletewa mtaalamu wa historia. Iliundwa kamati ya kuandika historia ya wananchi, si ya masultani wala ya Waingereza, bali ya watu waliobeba mizigo. Na nikwambieni kweli, wazo lenyewe lilikuwa zuri. Mpaka siku hiyo hapana aliyewahi kumuuliza mchumaji karafuu chochote, isipokuwa kachuma pishi ngapi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka skuli, na vidole vyangu vilikuwa vyepesi kwenye taipureta. Ndiyo sifa niliyokuwa nayo, hapana nyengine. Mtaalamu wetu akiitwa Bi Ilse, mwanamke mrefu, mwekundu kwa jua, Kiswahili chake cha kitabuni. Alinifundisha tepu rekoda ile kubwa ya magurudumu mawili, na pedali chini ya mguu: ukikanyaga kisigino kanda inarudi nyuma, ukikanyaga vidole inakwenda mbele. Wiki ya kwanza niliikata kanda mara tatu. Yeye akaiunga kwa gundi. Wiki ya pili akanambia, "Zuwena, unaandika unachoelewa. Andika unachosikia." Hilo ndilo somo zima. Miaka yote iliyofuata ilikuwa ni kujifunza ugumu wake.

Na huyo huyo Bi Ilse ndiye aliyetuletea fomu.

Fomu ile ilikuwa na vichwa vya habari vinne, na maisha ya kila mtu lazima yapite humo kwa zamu: Ukabaila, Ukoloni, Mwamko, Ushindi. Kila aliyezungumza alikuwa na nakala mbili. Ya kwanza kwenye karatasi nyembamba ya buluu, neno kwa neno kama alivyosema. Ya pili nyeupe, maneno yamepangwa chini ya vile vichwa vinne, hiyo ndiyo ya kamati. Nyeupe ikishapita, buluu huchomwa moto nyuma ya ofisi. Na kanda zilikuwa adimu, kwa hiyo tukirikodi juu yake mtu mwengine. Mzee mmoja alitusimulia maisha yake saa mbili na akaishia kwenye arusi ya bintiye. Kamati ikamrejesha: uko wapi Ushindi? Nikaongeza mstari kwamba kwenye arusi hiyo watu walicheza mpaka "kila mmoja akajiona mshindi". Ikapita.

Msicheke sana. Mimi pia nilicheka.

Maswali nayo yalikuwa yamechapwa tayari. La tano lilikuwa hili: "Ulinyonywa na nani?" Wao wakikusudia unyonyaji wa makabaila. Sasa muulize bibi wa shamba swali hilo. Bi Mize alimtazama mkuu wangu wa kazi, Bwana Ameir, akamjibu kwa heshima kabisa: "Na watoto wangu saba, mwanangu. Wote mpaka walipotimia miaka miwili."

Nimekwisha mtaja Bi Mize. Basi subirini kidogo.

Nataka kwanza mjue kwamba hatukuwa watu wabaya. Bi Ilse siku moja, tunakula muhogo wa nazi, alinambia kwamba kwao kila mtu huandika habari za maisha yake na kuzipeleka kwa wakubwa, na yeye keshaandika mara nne. Mara ya kwanza baba yake alikuwa na duka la mikate lenye vijana wawili wa kazi. Mara ya pili alikuwa mwoka mikate. Mara ya tatu mwoka mikate asiyekuwa na duka. Mara ya nne akawa mfanyakazi wa mikate. "Na mikate," akasema, "ilikuwa ile ile." Kisha akasimama akaenda kuosha mikono, na hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipoondoka. Nilimwelewa sana. Babangu mimi alikuwa na duka la vitambaa mjini, duka upana wake kama mlango mmoja na nusu. Kwenye fomu yetu angeingia chini ya Ukabaila, na jina lake kwa wino mwekundu, na siku zile waliokuwa humo wakiitwa kuhojiwa.

Na nilijifunza ufundi mwengine pale ambao sikuambiwa na mtu. Mkubwa mmoja alianguka, sitomtaja, na kitabu kizima cha kamati kilikuwa kinamtaja yeye. Tukapewa siku tatu. Hatuwezi kuandika upya kitabu kwa siku tatu, lakini tunaweza kumtoa mtu kwa kitenzi. "Fulani alifungua mkutano" ikawa "mkutano ulifunguliwa." Shamba liligawiwa. Amri ilitolewa. Mtu alichukuliwa. Ukiuliza na nani, hapana nani. Lugha yetu inafanya hivyo kwa wepesi wa kutisha, na mimi nilikuwa hodari kuliko wote ofisini. Nilisifiwa. Mkisoma historia yoyote, ya nchi yoyote, vitenzi vya namna hiyo vikianza kuzidi, simameni hapo muulize.

Haya. Bi Mize.

Alikuwa mchumaji karafuu wa Kaskazini Unguja, mjane, mwanamke mfupi mwenye kicheko kinachoanzia mabegani. Kamati ilimchagua kwa kuwa amechuma tangu mtoto na anazungumza vizuri. Akasema atazungumza akiwa pana mwanamke mwenzake, ndiyo nikapelekwa mimi. Kwa hiyo maneno yake niliyasikia mara mbili, kwa masikio yangu barazani kwake, kisha ofisini kwenye kanda, mguu wangu uko juu ya pedali. Nalisema hili kwa sababu lina maana yake baadaye.

Bwana Ameir alimuuliza juu ya nokoa. Nokoa ndiye msimamizi wa wachumaji, mtu wa kati baina ya mwenye shamba na watu wake. Wao nokoa wao akiitwa Khatibu, na bado yuko hapo hapo, nyumba ya pili, wanachota maji kisima kimoja. Mwenye shamba mwenyewe keshakimbia nchi. Khatibu yeye alibaki, akapewa eka tatu kama wenzake.

"Huyu Khatibu alikuwa akikufanyieni nini?" akauliza Bwana Ameir.

Bi Mize akacheka. "Khatibu? Alikuwa akitupigia kelele. 'Msivunje matawi! Msivunje matawi!' Kutwa. Hata tukimwona yuko mbali, tunaanza wenyewe: msivunje matawi! Basi huko juu mikarafuuni kicheko!"

Nikanakili hivyo hivyo kwenye karatasi ya buluu. Alikuwa akitupigia kelele.

Bwana Ameir alikuja mezani kwangu asubuhi yake na karatasi ile mkononi. Alikuwa mtu mpole, baba wa watoto wadogo, shati lake moja jeupe analifua kila siku. Akasema, "Zuwena, kamati inataka mnyonyaji. Kabaila mwenyewe keshakimbia. Tumtaje nani, mkarafuu?"

"Lakini bibi hakusema neno baya."

"Kasema kelele. Kelele si unyonyaji. Hilo neno lifute."

"Nikilifuta sentensi haitimii, Bwana Ameir. 'Alikuwa akitupigia.' Akitupigia nini?"

Akaitazama. Kisha akaniangalia mimi, wala si kwa ukali. "Wewe ndiye fundi," akasema. Alipofika mlangoni akageuka. "Babako hajambo dukani? Bado hajaitwa?"

"Hajambo. Bado."

"Alhamdulillahi," akasema, akaenda zake.

Sijui mpaka leo kama yale yalikuwa ni maulizo ya jirani au ni kitu chengine. Nimeyapindua miaka yote. Nililolifanya nnalijua. Nilitia karatasi nyeupe kwenye mashine, nikalitoa lile neno, kisha nikaitoa na ile herufi moja iliyobaki inaning'inia. Alikuwa akitupiga. Ilisomeka vizuri. Haikuwa na kasoro ya sarufi hata moja. Karatasi ya buluu niliichoma kwa mkono wangu.

Kitabu kilitoka, cha skuli, na picha ya Bi Mize kaketi barazani. Miezi michache baadaye familia yetu iliondoka Unguja. Baba hakuitwa. Tulifika Maskati na masanduku mawili, na kwa kuwa nilijua Kiingereza na Kiarabu changu kikanyooka haraka, nikapata kazi ya kunakili mikutano na mahojiano katika ofisi ya serikali. Nikazeeka humo. Nimepita kanda kubwa, kanda ndogo, kompyuta, na leo nyinyi mnanionesha simu inayoandika yenyewe mtu anapozungumza.

Hiyo simu yenu tuizungumze. Juzi mmoja wenu aliniletea kazi ya bibi wa miaka themanini na nne. Bibi kasema "nnajua", simu ikaandika "ninja". Tukacheka mpaka machozi, ninja mwenye mkongojo. Lakini mstari wa chini yake bibi alisema "khabari ile ilinikata maini", na simu ikaandika "habari ile ilinikata tamaa", na hilo hapana aliyeliona. Linasomeka vizuri, ndiyo hatari yake. Kosa linaloonekana halinisumbui. Linalonisumbua ni lile linalosomeka kuliko ukweli.

Wala msifikiri tabia ile ilibaki kule kwa makamati. Mwaka huu tulikwenda Sib kumrekodi mzee mmoja ambaye kwao walikuwa na mashamba. Akasema, "Wachumaji wetu walikuwa kama watoto wetu. Hapana aliyelalamika." Sebule nzima ikaitikia, naam, naam. Binti mmoja wenu, yule anayesomea uhandisi, akauliza kwa adabu: "Babu, kuna mchumaji mmoja aliyekwambia hivyo mwenyewe?" Mzee akanyamaza. Mkewe akasema chai inapoa. Hapa hatuna kamati wala fomu, lakini kila sebule ina vichwa vyake vya habari, na vyetu sisi ni Neema, Msiba, Safari, Shukrani. Andikeni na ule ukimya wa mzee. Andikeni na chai inayopoa.

Sasa sina tena pa kujificha.

Miezi minne iliyopita nilipeleka abaya yangu Darsait ikakatwe urefu. Kuna duka dogo la cherehani pale karibu na karakana za magari, na fundi wake ni mwanamke wa Unguja, Subira, umri wake kama arubaini na kitu. Kiswahili chake kikanigusa, cha shamba, cha Kaskazini. Nikamuuliza kwao wapi. Akanitajia kijiji. Nikasema, bila ya kufikiri, "Huko si ndiko kwa Bi Mize, mchumaji?"

Cherehani ikasimama. "Wewe mama, bibi yangu umemjulia wapi?"

"Nimemsoma," nikasema. "Kitabuni."

"Aa." Akaendelea kushona. "Kila mtu kamsoma kitabuni."

Wiki iliyofuata nikarudi na kanzu. Wiki nyengine na mapazia. Nguo zikaniishia, nikakaa kitandani nikafumua pindo la dishdasha la mume wangu kwa mkasi, dishdasha nzima isiyo na tatizo, ili nipate la kunipeleka Darsait. Akaniona. "Zuwena," akasema, "hiyo nguo imekukosea nini?"

Kila nikienda Subira alizungumza kidogo zaidi, na mimi nikisikiliza kama nilivyofundishwa. Hivyo ndivyo nilivyojua yaliyotokea baada ya sisi kuondoka. Kitabu kilifika skuli ya kijiji chao. Mwalimu akakisoma mbele ya watoto, na wajukuu wa Khatibu wamo darasani. Wakubwa wa pale wakamwita Khatibu, wakamwambia mtu aliyekuwa akiwapiga wananchi hastahiki ardhi ya wananchi. Eka zake tatu zikachukuliwa. Angalieni nilivyosema, zikachukuliwa. Zilichukuliwa na watu waliosoma sentensi yangu. Khatibu akaacha kuchota maji kile kisima. Bi Mize alikwenda mlangoni kwake akaapa kwamba hakusema, na mke wa Khatibu akamwonesha kitabu, picha yake na jina lake. Tangu hapo nyumba mbili zile hazikuzikana. Khatibu alikufa, na watu wa Bi Mize hawakwenda. Bi Mize akafa, watu wa Khatibu wakafunga madirisha.

"Kaapa mpaka siku ya mwisho," Subira akanambia. "Na sisi wenyewe, wajukuu zake, hatukumwamini. Nilikuwa mtoto, nikimwambia, bibi, kitabu kitasema uwongo kwa sababu gani?"

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilikuwa nimesimama, nguo mkononi, pana mteja mmoja anangojea. Nilimwambia kwamba kitabu hakikusema kitu. Niliyesema ni mimi. Nikamweleza neno lile na herufi ile.

Hakupiga kelele. Aliutazama mkono wangu, vidole, kama anayetafuta alama. "Kwa nini?"

"Nilimwogopea babangu."

"Na babako kapona?"

"Kapona. Kafia hapa, kitandani kwake."

"Bibi yangu hakupona," akasema. Akaichukua ile nguo, akaikunja vizuri, akanirejeshea. "Nenda, mama. Nenda tu."

Siku kumi na nane sikwenda Darsait. Nilihesabu. Nikafanya kila kazi ya nyumba na hapana hata moja iliyokwisha. Mume wangu, ambaye kwa mara ya kwanza nilimweleza jambo hili, ingawa tumeishi miaka hamsini, alisema maneno ya kunituliza: ulikuwa mtoto, zama zile, watu wote. Yote kweli, wala hapana hata moja lililonitosha. Nilitaka karatasi ya buluu. Sikuwa nayo. Nilikuwa na kumbukumbu ya kikongwe, na mimi ndiye wa kwanza wa kukwambieni nyinyi kila wiki msiamini kumbukumbu bila ya kuuliza.

Siku ya kumi na tisa Subira alipiga simu. "Nataka kuja kwako na simu yangu. Nataka uyaseme yale, nikurikodi. Nyumbani wakisikia kwangu mimi watasema namtetea bibi yangu."

Alikuja kwangu Ijumaa, baada ya sala. Akakataa kahawa. Akaketi chini, mkabala wangu, akaiweka simu juu ya mto baina yetu. Nilitaka kuanza, maneno nimekwisha yapanga, mwanzo wake na mwisho wake, na toba katikati. Akanizuia.

"Usinambie kwanza ulichokifanya," akasema. "Nambie bibi yangu alikuwa kavaa nini siku ile."

Nimenakili maswali ya watu miaka mingi. Sijapata kuulizwa swali kama lile. Yale niliyoyapanga yote yaliniruka, nikabaki na baraza, mkeka, na Bi Mize kavaa kanga ya rangi ya manjano iliyopauka, kaifunga kifuani, na sikioni kachomeka kikonyo cha karafuu mahali pa kipini. Nikakiona kicheko kikianzia mabegani. Nikayasema maneno yake kwa sauti yake, msivunje matawi, msivunje matawi. Subira akaziba mdomo. "Ndivyo alivyokuwa akitwambia sisi," akasema. "Tukipanda mpera."

Nikasema yaliyobaki. Nikamwomba aandike na hili pia: kwamba nina miaka sabini na tano, kwamba kanda ilifutwa, kwamba hapana shahidi mwengine, na kwamba ninayo sababu ya kutaka kuaminiwa. Akasema ataandika. Hakunambia kanisamehe, nami sikumuuliza.

Sauti yangu ikaenda Unguja siku ile ile, nyinyi mnajua mambo yanavyokwenda. Nikangojea. Wiki mbili. Nilikuwa nikijitengenezea jibu kichwani: mtoto wa Khatibu yupo, mzee Juma, kapita themanini, naye atasikia, atasema baba yangu katakasika, nyumba mbili zitapatana, na mimi nitalala. Hata mwisho wa hadithi nilikwisha uandika. Ushindi.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti, dakika nne, Subira akanirushia. Nikaweka vipokea sauti masikioni, nikafanya ninachokijua, nikachukua karatasi nikanakili. Mzee Juma alisema hivi, nami sikugusa kitu:

"Nimemsikia huyo bi wa Maskati. Bi Mize hakusema. Nimeamini. Basi Mungu amrehemu Bi Mize, tumemkosea, na Ijumaa tutakwenda kaburini kwake sisi na watoto wetu. Lakini mwambieni huyo bi, babangu alikuwa akipiga. Si wanawake. Alikuwa akitupiga sisi watoto, tulipokuwa tukiokota karafuu chini ya miti. Mimi mwenyewe kanipiga, na nina alama. Bi Mize alikuwa juu ya mti, hakuona, au kaona hakupenda kusema mbele ya watu, sijui. Kitabu kilisema kweli kwa mdomo usiokuwa wake. Na eka zile zilikuwa zetu. Na mie babangu nilikuwa nikimpenda ... Sasa hayo nayo yaandikeni, mkiweza kuyaandika."

Mnaona, wanangu? Kwa mwezi mzima nilikuwa najiandaa kwa hukumu ya namna mbili, ndiyo au siyo. Sikujiandaa kwa mtu mzima kunipa kitu kisichoingia mahali popote. Nilifikiri, kwa sekunde moja tu, na nnaona haya kukwambieni: basi sikukosea sana. Kisha nikaona hiyo ndiyo sauti ya Bwana Ameir. Kupatia kwa bahati hakunipi mdomo wa Bi Mize. Nilichomfanya nimemfanya.

Nikaichapa karatasi ile vizuri, nikaipeleka Darsait mwenyewe, mkono mtupu, sina nguo ya kushonesha. Subira akafunga mlango wa duka, akaisoma amesimama, polepole, kidole chini ya kila mstari. Ijumaa yake, akanambia, watu wa nyumba zote mbili walikwenda makaburini. Mmoja wa wajukuu wa Khatibu hakwenda. Wengine walikwenda.

Kisha kidole chake kikasita karibu na mwisho. "Hapa umeacha nafasi. Umetia nukta tatu."

"Kuna neno sikulisikia," nikasema. "Baada ya 'nikimpenda'. Nimelirudisha mara ishirini. Masikio yamechoka."

Akatoa simu yake, akalitafuta mahali pale, akaiweka juu ya meza ya cherehani baina yetu. Tukainama wote wawili. Tukalisikiliza mara moja, mara mbili, mara tatu. Nje karakanani mtu alikuwa anagonga bati, tukangoja amalize, akalirudia tena.

"Hilo si neno, Bi Zuwena," akasema. "Analia."

Nikamuomba kalamu, nikazikata zile nukta, nikaandika: analia.